Televisheni Ikae Alipo Bibi

Kwetu Chiungutwa, wilayani Masasi, nyumba ni mahali pa kulala na kuwekea vitu. Maisha yenyewe yako nje. Barazani ndiko mbaazi zinakopukuchuliwa, korosho zinakochambuliwa kabla ya kupelekwa chama cha msingi cha ushirika, watoto wanakosukwa nywele, na mashauri ya ndoa yanakosikilizwa mpaka mjomba aseme neno lake. Mtu akishinda ndani mchana kutwa, majirani huja kuuliza kama anaumwa. Hata redio ya babu, enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikaa barazani, wala hakuna aliyewahi kufikiria kuifungia chumbani.

Televisheni ilipokuja, watu walibadilika. Ilikuwa msimu wa korosho wa 2017. Wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba hawausahau msimu ule, maana kilo ya korosho ghafi ilifika karibu shilingi 4,000 mnadani, bei ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiona. Fedha zilipoingia, vijiji vilibadilika sura: mabati mapya, pikipiki, magodoro, na maboksi makubwa ya televisheni yakishushwa kutoka juu ya mabasi. Karibu kila aliyenunua aliipeleka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma na kufunga mlango kwa sababu ya vumbi. Mama naye alinunua. Sebule alikuwa nayo, na mjomba alikwisha kumtengenezea meza. Lakini mama akakataa isiingie ndani.

Sababu ilikuwa bibi, mama yake mzazi. Bibi alizaliwa juu, upande wa Newala, ambako kijiji kilikuwa kilimani na maji yakawa bondeni. Alikulia kwenye njia hiyo ya kuteremka na mtungi mtupu na kupanda na mtungi uliojaa, kabla mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, hayajafika kwao. Wanaoujua mteremko wa Uwanda wa Makonde wanajua kazi hiyo inamfanya nini binadamu. Uzeeni magoti yake yalikataa. Asubuhi tulimtoa, tukamkalisha kwenye mkeka wake barazani, na hapo ndipo alipokaa mpaka jua lizame, akijibu shikamoo za wapita njia. Sebuleni hakutaka. Alisema bati linampikia kichwa, kochi linammeza, na hajui nani amepita.

Mama alimwambia mjomba maneno machache: "Kaka, hiki kitu kinavuta watu. Kikikaa ndani, watoto wote watakuwa ndani. Mama atabaki na nani?"

Mjomba alinyamaza. Siku ya pili alikwenda kumwita seremala.

Nimeishi na swali hilo kwa miaka, na kila mwaka naliona kubwa zaidi. Wengi wetu tukipata kitu kizuri tunauliza kitakaa wapi kisiharibike. Mama aliuliza nani ataachwa peke yake kikishawekwa. Ni maswali mawili yanayompeleka mtu sehemu mbili tofauti za nyumba moja. Na lile la pili lina gharama, kwa sababu kitu kilichowekwa nje kinadai kazi ambayo kilichofungiwa ndani hakidai.

Kazi ya kwanza ilikuwa jua. Baraza letu linatazama magharibi, na televisheni iliyoelekezwa huko haionyeshi kitu kuanzia alasiri. Kioo kinarudisha mwanga, mtazamaji anajiona mwenyewe. Tena joto la jua la moja kwa moja linakiua kioo polepole. Fundi wa kuifunga alichagua ukuta wa ubavuni, penye kona inayokingwa na paa pande mbili. Kona hiyo ilikuwa na faida nyingine ambayo mama aliiona kabla yetu sisi wanaume: mlango wa jiko unaitazama. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku huwakuta wanawake wakisonga ugali. Sebuleni wangeisikia kwa mbali kama ugomvi wa nyumba ya tatu. Pale waliiona huku mwiko ukiwa mkononi.

Kazi ya pili ilikuwa vumbi, mvua na wadudu. Kusi likivuma kuanzia Juni, vumbi letu huingia hata penye kifuniko. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka huja za kupigwa na upepo, na kumbikumbi hufuata mwanga wowote. Seremala alitengeneza kabati la mninga lenye milango miwili na kofuli, paa dogo linalotokeza mbele, na matundu nyuma yaliyozibwa kwa wavu mwembamba ili hewa ipite na mijusi isipite, kwa kuwa mijusi hupenda joto la mashine. Kabati halikutundikwa kwenye udongo wa ukuta. Lilifungwa kwenye nguzo ya matofali ya kuchoma, kwa bolti zilizopita hadi upande wa pili. Radi ikianza kunguruma, kila waya ulichomolewa, na kazi hiyo alipewa mdogo wetu wa mwisho, akaifanya kwa heshima kubwa.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya kimo. Fundi alitaka kabati likae juu, watakaosimama nyuma waone. Alikuwa na haki. Vibanda vyote vya mpira vinafanya hivyo. Mama alikwenda akaketi kwenye mkeka wa bibi, akanyoosha mkono usawa wa macho yake, akasema, "Hapa." Fundi akamweleza kwamba wa nyuma hawataona. Mama akajibu kwamba wa nyuma wana miguu, wataketi. Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa kioo kilikuwa chini, kila aliyekuja alilazimika kukaa chini, mtu mzima na mtoto, mwenye pikipiki na asiye nayo. Naamini amani ya baraza lile ilitoka zaidi kwenye kimo cha kabati kuliko kwenye tabia zetu. Watu waliosimama hugombana upesi. Walioketi mkeka mmoja hupitishiana karanga.

Dishi lilikuwa na mkasa wake. Huku kwetu madishi ya ving'amuzi tunavyotumia hutazama magharibi, na magharibi yetu kulikuwa na mwembe wa bibi. Fundi alipendekeza tawi likatwe. Bibi akauliza maembe ya tawi lile atayalipa nani. Dishi likahamishiwa upande wa choo, kijana mmoja akawa juu akiligeuza, mwingine chini akipiga kelele, "Rudi! Rudi kidogo! Basi, hapohapo!"

Umeme wa nguzo ulikuwa haujatufikia, tulitumia sola. Betri moja ililazimika kuwasha taa, kuchaji simu za mtaa na kuonyesha picha jioni. Hapo nilijifunza jambo ambalo wenye umeme wa uhakika hawalioni kirahisi: kitu chenye kikomo huwafanya watu wazungumze kwanza. Kabla ya kuwasha tulikubaliana leo ni habari au ni mpira au ni tamthilia. Nguzo zilipofika baadaye, mama aliushika utaratibu uleule. Saa nne usiku kofuli lilifungwa. Jirani akifiwa, kabati halikufunguliwa mpaka matanga yaishe, na hakuna aliyeuliza matokeo ya mechi.

Nimetaja sebule yenye mlango. Huo mlango una neno kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu aliyetoka shamba na miguu ya vumbi haingii penye zulia la mwenzake, hata aitwe mara ngapi. Atasema asante, nimepita tu. Barazani hapigi hata hodi. Miongoni mwa waliokuja kwetu walikuwamo watu ambao kwa miaka tulisalimiana nao njiani tu. Hatukuwa tumegombana nao. Hatukuwa na mahali pa kukaa pamoja.

Faida ya kukaa pamoja niliiona Novemba 2018. Bei ya minada ilikuwa imeshuka, wakulima walikuwa wamegoma kuuza, kisha Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Ukafuata uhakiki wa kumtenga mkulima na kangomba, yaani mlanguzi wa korosho. Kila jioni baraza lilijaa. Maneno ya habari yalikuwa mazito, na kati yetu walikuwapo wazee ambao Kiswahili cha ofisini hakiwafiki vizuri. Taarifa ikiisha, sauti ilipunguzwa, na mwalimu mmoja aliieleza upya, kwa Kimakua na Kimakonde, huku watu wakiuliza. Mtu anayeipata habari ya jasho lake peke yake, chumbani, hulala nayo ikimkaba. Pale aliisikia kati ya wenzake wenye jasho lilelile, akajua kwamba si yeye peke yake asiyeelewa, wala hangojei peke yake. Kisha Machi 24, 2019 Taifa Stars waliifunga Uganda 3–0 wakaingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, na mkeka haukutosha tena. Watu walikumbatiana mpaka kuku wakahama mti.

Lakini siku ninayoibeba zaidi ni Julai 29, 2020, alipozikwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa kijijini kwake Lupaso, hapa hapa wilayani Masasi. Tangu Ijumaa iliyotangulia nchi nzima ilikuwa kwenye msiba. Ilikuwa kipindi cha kupulizia mikorosho dawa. Wengine walikuja barazani salfa ya alfajiri ingali kwenye nguo. Mtangazaji alieleza habari za mtu mkubwa: mhariri wa magazeti, mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari la Shihata, rais wa miaka kumi, ambaye katika kipindi chake Televisheni ya Taifa ilianza. Hilo la mwisho lilinigusa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara tukasubiri hadi 1994, na sasa chombo chenyewe kilikuwa kimekuja Lupaso kumzika.

Bibi alikuwa hajali vyeo. Alikitazama kijiji. Akaanza kueleza njia ya kwenda huko kwa miguu, mahali pa kupumzika, ukoo upi una watani wapi, mwaka gani walikwenda kuzika na mvua ikawakuta. Polepole tukageuza shingo. Picha ikaendelea, na bibi akawa ndiye mtangazaji. Watoto wa shule, waliokuwa wakiketi karibu naye kwa sababu tu kioo kilikuwa karibu naye, walimuuliza maswali ambayo sikuwahi kumuuliza maishani mwangu.

Nikakumbuka habari niliyoisoma ya Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 na kamera ya filamu na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Alichukua ngoma zetu na nyimbo zetu, akarudi nazo kwao. Zaidi ya karne moja baadaye nchi hii hii ilionyeshwa, na mbele ya kioo alikuwapo mtu mwenye uwezo wa kusema hapo pamesahauliwa jambo, hapo pamekosewa, hapo ndivyo. Na wenye masikio walikuwa wamemzunguka. Kama kioo kingekuwa sebuleni, bibi angekuwa nje na maarifa yake yote, na sisi ndani tukimsikiliza mtu wa Dar es Salaam akitueleza Lupaso.

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Kabati la mninga bado lipo, kwa kimo kilekile, ingawa siku hizi karibu kila nyumba ina televisheni yake na vijana wana simu.

Mimi sasa napanga Masasi mjini, chumba na sebule, kwenye nyumba yenye ua mmoja na wapangaji kadhaa. Nilipopata televisheni nilitazama kwanza nani anakaa peke yake. Alikuwa baba yake mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, ambaye hushinda chini ya mwarobaini na gazeti la juzi. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuifunga kwenye veranda inayotazama mwarobaini huo. Alihofia gharama ya umeme wa LUKU, tukakubaliana nichangie zaidi, na kuzima mapema. Mzee hataki mpira. Anataka vikao vya Bunge na habari, na huwasahihisha watangazaji Kiswahili chao kwa sauti. Watoto wa wapangaji wanataka katuni saa ileile, na mpaka leo hatujapata mwafaka. Juzi mzee mwenyewe amewaambia waje na mkeka wao, wakae karibu naye, katuni iwekwe, mradi wamweleze yule panya amemfanya nini paka hata anafukuzwa kiasi kile.