Kupunguza Mwili si Kushinda na Njaa

Tangu niingie Kidato cha Nne nimeona kwamba baada ya mitihani, jambo linalozungumzwa sana mabwenini ni kupunguza unene. Si vibaya mtu kuutunza mwili wake. Lakini njia zifuatwazo na wengi zina makosa, na makosa hayo yanawadhuru wenzetu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kosa la kwanza ni kushinda na njaa. Msichana huacha uji wa asubuhi, na mchana humpa mwenzake ugali na maharage. Ifikapo saa kumi njaa imemshinda. Hukimbilia dukani akanunua maandazi matano na soda. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani kama vijiko saba vya chai. Basi amekikataa chakula cha bure chenye manufaa, akakinunua kwa fedha zake kile kinenepeshacho.

Njaa humtawala mtu hata awe na moyo wa chuma. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili wataalamu wajue njaa humfanyia nini binadamu. Walikonda kweli, lakini walisikia baridi na uchovu, wakawa wepesi wa hasira, na mawazo yao yakawa juu ya chakula tu. Je, mwanafunzi wa hali hiyo atafanyaje hesabu? Muhula uliopita mwenzetu mmoja alianguka mstarini asubuhi, akabebwa. Hakuwa na malaria. Alikuwa hajala tangu juzi yake jioni. Wala hakuwa mnene. Alikuwa ameitwa "Pipa" kwa mzaha, basi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba jasho ni mafuta. Wako wanaovaa sweta nzito na kukimbia juani. Mizani hushuka, maana maji yamepotea. Wakinywa maji, uzito hurudi. Hali kadhalika sanamaki na chai nyingine za kuharisha: huondoa maji na chumvi za mwili, mafuta yakabaki pale pale. Wengine hunywa maji ya ndimu wakitumaini yatayeyusha tumbo. Ndimu ni nzuri kwa samaki, lakini kazi hiyo haiiwezi.

Kosa la tatu, nalo ndilo mama wa yote, ni haraka. Shangazi yangu aliambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu. Yeye akataka apungue katika wiki tatu, kabla ya harusi ya binti yake. Akanunua vidonge visivyo na jina la mtengenezaji. Moyo ukamwenda mbio usiku kucha, nasi nyumbani hatukulala. Akarudi kwa daktari. Huyo hakumwambia aache kula, bali abadili sahani: nusu iwe mboga, robo ugali au wali, na robo maharage au samaki. Mafuta apime kwa kijiko asimimine, kwani gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga ina 4. Chai anywe bila sukari, na sokoni aende kwa miguu.

Likizo ile nilitembea naye kila siku. Mwezi wa kwanza alipungua kilo moja na nusu tu, majirani wakamcheka. Mwaka ulipotimia zilikuwa zimeondoka kilo tisa, na mpaka leo hazijarudi. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Sisi tulio shuleni dawa tunayo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba walio na umri wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kiwanja cha netiboli kipo, na jembe la shamba la shule lipo. Tena mwili wa miaka 17 bado unakua. Anayeona unene wake unamsumbua na amwone kwanza matroni au daktari, apimwe. Huenda akaambiwa hana cha kupunguza.

Nao wale wenzetu wenye midomo ya kubandika watu majina, nawaomba waache. Mtihani wa Novemba hautatuuliza kilo zetu, lakini yule aliyeacha kula kwa ajili ya neno lenu ataingia chumba cha mtihani akiwa na njaa.