Si Sayari Zilizotupiga Kisangani

Nimekulia katika nyumba ambamo vita vilielezwa kwa nyota. Mtu yeyote aliyekuwa mtoto Kisangani kati ya 1999 na 2002 atakumbuka jinsi wakubwa walivyokuwa wakizungumza usiku, sauti chini, juu ya sayari zinazokaa mstari mmoja na mabaya yatakayofuata. Hofu hiyo niliibeba hadi utu uzima. Sasa imenitoka, na natoa ushuhuda huu kwa sababu najua bado imo katika nyumba nyingi za mji wetu.

Kwanza niitendee haki, maana haikujengwa hewani. Tarehe 11 Agosti 1999 jua lilipatwa, kivuli cha mwezi kikapita Ulaya hadi India, na siku hizo wapiga ramli wa nchi nyingi walikuwa wakisema sayari zimejipanga umbo la msalaba. Siku tatu baadaye majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo pamoja kama washirika, yakaanza kupigana ndani ya mji wetu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Mei 2000, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zilikusanyika upande mmoja wa anga pamoja na jua na mwezi, zote ndani ya nyuzi zipatazo 26. Huko Marekani kilikuwa kimeshatoka kitabu kizima kilichotabiri kwamba siku hiyo barafu ya ncha ya kusini ingeangamiza dunia. Barafu haikufanya lolote. Lakini hapa kwetu, tarehe hiyohiyo, mizinga ililia tena na raia wakafa. Halafu ikaja Mei 2002, sayari zote tano zikionekana kwa macho matupu upande wa magharibi kila baada ya jua kuzama, na tarehe 14 ya mwezi huo yakatokea maasi ya askari yaliyofuatiwa na mauaji ambayo komini ya Mangobo haijayasahau. Maiti zilitupwa mtoni Tshopo.

Ukiwa na tarehe tatu za namna hiyo mkononi, huhitaji kuwa mjinga ndipo uogope. Koko yangu, kama tuwaitavyo mababu na mabibi, alikuwa akizitaja moja moja akikunja vidole, na kila mara kidole cha mwisho alikiacha wazi kwa ajili ya ile ambayo bado haijafika.

Katikati ya tarehe hizo ndipo ilipo ya kwetu. Vita vya Siku Sita vilianza tarehe 5 Juni 2000, vikaisha tarehe 10. Waganda walikuwa kaskazini ya mto Tshopo, Wanyarwanda mjini, na daraja likawa ndilo linalogombewa. Tulikuwa tunakaa komini ya Tshopo, barabara chache kutoka darajani. Umoja wa Mataifa ulikuja kuhesabu baadaye: raia zaidi ya 760 waliouawa, waliojeruhiwa wapatao 1,700, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa, shule 69 zilizopigwa. Makombora yaliyotuangukia yanakadiriwa kupita 6,600. Mimi nakumbuka chini ya kitanda, vumbi la dari likituangukia mdomoni, na lituma ya ndizi iliyolala tangu juzi ambayo Mama alitugawia kwa kijiko. Umeme ulikatika, na maji yakakatika nao. Mizinga ilipopumzika kidogo, kaka yangu mkubwa alitoka na bidoni ya njano kutafuta maji. Bidoni ilirudishwa na jirani. Ilikuwa na tundu dogo karibu na mkono wake, na maji yaliyobaki ndani Mama hakukubali yamwagwe.

Kwenye matanga, yaliyofanyika kwa haraka bila hata turubai, koko alisema nyota ndizo zilizomchukua mtoto. Watu wakaitikia kwa kichwa. Ilikuwa faraja, sikatai. Lakini ndiyo iliyokuwa pia mwisho wa maswali. Hakuna aliyeuliza kombora lile lilitoka ng'ambo ipi ya mto, wala kwa nini majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yakigombania mji usio wao, biashara yake ya almasi, na nani aongoze chama cha waasi cha RCD kilichokuwa kimeshapasuka mwaka 1999, kila upande ukiwa na bwana wake.

Mabadiliko yangu hayakuja kanisani wala kwa ndoto. Nilikuwa nasomea ualimu wa jiografia, na mwenzangu mmoja darasani alikuwa na kompyuta yenye programu ya Stellarium, ambayo hutolewa bure na huonyesha anga la mahali popote kwa tarehe yoyote. Yeye alitaka kunionyesha anga la usiku ule tuliokuwa nao. Nikamwomba aandike Kisangani, 5 Mei 2000. Mikono ilinitoka jasho. Aliweka saa tatu usiku, na nikaanza kutafuta zile sayari zilizotuua.

Hazikuwepo. Nyota zilikuwa nyingi, ila hakuna sayari hata moja kati ya zile tano. Alirudisha saa nyuma hadi mchana, akaondoa mwanga wa jua, na hapo zikaonekana zote zimelizunguka jua pande zote. Zilikuwa zimechomoza pamoja nalo na kuzama pamoja nalo. Watu wa Kisangani wangeinua macho usiku ule wasingeona hata moja. Kisha akanionyesha ramani ya mfumo wa jua ukitazamwa kutoka juu. Dunia ilikuwa upande huu, na sayari zote tano upande wa pili, nyuma ya jua. Mshtarii ilikuwa mbali nasi karibu kilomita milioni 900. Siku ile koko aliyoihesabia kidole cha pili, sayari zilikuwa karibu na umbali wao wa mwisho kabisa kutoka kwetu.

Nikataka kujua zaidi, na nikasoma nilichokipata. Sayari zote zinalizunguka jua karibu katika usawa mmoja, kama vitu vinavyozunguka juu ya sinia, nasi tumo juu ya sinia hiyohiyo. Ndiyo maana popote tutakapoziona zitakuwa kwenye njia ileile inayopitwa na jua na mwezi, na macho yatazichora mstari. Sisi wa hapa, tulio karibu kabisa na ikweta, tunauona mstari huo ukisimama wima kutoka upeo wa macho hadi utosini, ndiyo maana unatutisha kuliko unavyowatisha watu wa Ulaya, kwao umelala. Utaridi huzunguka kwa siku 88, Zuhura kwa 225, Mirihi kwa 687, Mshtarii karibu miaka 12, Zohali zaidi ya 29. Mwendo usiolingana namna hiyo lazima mara kwa mara uzikutanishe. Na kuhusu nguvu yao juu yetu: mwezi, ulio mdogo lakini jirani, ndio unaovuta bahari ikajaa na kupwa. Nguvu ya namna hiyo kutoka sayari zote zikijumlishwa, hata kila moja ikiwa imetukaribia inavyoweza, haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya mwezi. Mwaka 1974 waandishi wawili walichapisha kitabu kusema kwamba sayari zikijipanga mwaka 1982 zingechochea tetemeko kubwa California. Tarehe 10 Machi 1982 ikafika, ikapita, California ikabaki ilipo.

Baada ya hapo nilizirudia tarehe zetu kwa jicho jingine. Juni 2000, wakati tulipopigwa kuliko wakati wowote, lile kundi la sayari la Mei lilikuwa limeshaanza kutawanyika. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilikaribiana kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1623, na mji wetu ulikuwa unajiandaa kwa Noeli. Na kuna jingine ambalo hunigusa zaidi. Mwishoni mwa Juni 2022 sayari zote tano zilijipanga alfajiri, tena kwa mpangilio wao kamili kutoka jua, tangu Utaridi hadi Zohali. Siku hizohizo jeneza la Patrice Lumumba, lenye jino lililobaki la mwili wake na ambalo Ubelgiji ilikuwa imelirudisha, lilipitishwa Kisangani, mji aliouchagua kuwa wake wa siasa. Umati ulijaa barabarani, watu waliimba na kulia. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema sayari ndizo zilizomrudisha Lumumba nyumbani. Furaha tulijua imetoka kwa watu. Msiba tu ndio tuliokuwa tukiupeleka mbinguni.

Hapo ndipo nilipoenda kukaa na Mama. Nilimwambia habari za mahakama, ambazo alikuwa amezisikia redioni bila kudhani zinamhusu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa iliyoyafanya Kongo. Tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, kati ya hizo milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na kudhuriwa. Serikali yetu ilikuwa imeunda mfuko wa wahanga, FRIVAO. Mama alinyamaza muda mrefu, akauliza: «Basi kuna mtu anayetakiwa kulipa?» Nikamjibu ndiyo, Mama, kuna nchi inayotakiwa kulipa. Wiki hiyo tukaenda kumwandikisha kaka. Tulipoulizwa amekufaje, Mama hakutaja nyota. Alitaja tarehe, barabara, bomba la maji na upande lilikotokea kombora.

Januari 2025 ilinikuta nikiwa mwalimu. Zuhura na Zohali zilikuwa magharibi, Mshtarii juu ya vichwa, Mirihi mashariki ikiwaka nyekundu, na mwishoni mwa mwezi waasi wa M23 wakaingia Goma. Simu zetu zilijaa sauti zinazosambazwa: sayari zimepangana tena, kimbieni, sasa ni Kisangani. Majirani walikuja kwenye lupango letu saa moja na robo usiku. Umeme haukuwepo, na anga lilikuwa safi kama linavyokuwa miezi ya mvua chache. Niliwaonyesha moja baada ya moja, watoto kwa wazee. Nikawaambia Goma imechukuliwa na watu wenye bunduki, wanaopewa silaha na watu wanaojulikana, na mtu akitaka kuogopa basi awaogope hao, na akitaka kuuliza awaulize hao.

Papa mmoja wa barabara ya pili alibaki wenzake walipoondoka. Mwanawe alichukuliwa Mangobo Mei 2002, na yeye alikuwa na uhakika wa sayari kwa sababu aliziona kwa macho yake jioni zile. Aliniuliza, «Madamu, na wangu naye ataandikishwa?» Nilimweleza ukweli. Hukumu ile ni ya Uganda peke yake. Kesi ambayo Kongo iliishitaki Rwanda, Mahakama iliikataa mwaka 2006 kwa kukosa mamlaka ya kuisikiliza, na waliouawa Mei 2002 waliuawa chini ya RCD-Goma, iliyokuwa upande wa Rwanda. Mfuko ule wa FRIVAO haumngojei yeye.

Akasema bado anataka yaandikwe. Nikaleta daftari na taa ya simu, akaanza kusema: saa waliyoingia, idadi yao, lugha waliyozungumza, nguo walizovaa, na jina la yule mmoja aliyeitwa na mwenzake langoni.