Mguu wa Mama na Mguu Wangu

Sisi watu wa Kiuu, huku Ruiru, tu hodari sana wa kuilaumu hospitali. Tukikutana katika soko la Githurai, au ndani ya matatu iendayo Thika, kila mtu huwa na kisa chake: foleni ilikuwa ndefu, dawa zilikuwa zimekwisha, karani alijibu kwa ukali. Mengi ya hayo ni kweli, na mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi. Lakini wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo nataka kuitoa haki hiyo, kwa kuwa mimi nina miguu miwili, na mama yangu alikufa akiwa na mmoja.

Mama alikuwa mchuma kahawa katika mashamba ya upande huu. Alishikwa na ugonjwa wa sukari mwaka 1983, nami nilikuwa kijana wa miaka 16. Nyakati zile mkojo wa mgonjwa ulipimwa kwa kuchemshwa pamoja na maji ya dawa ya rangi ya buluu. Yakibaki buluu, heri. Yakigeuka kijani, kisha manjano, hata yakawa mekundu kama tofali, ilijulikana kwamba sukari imezidi. Sindano yetu ilikuwa ya kioo, nami ndiye niliyeichemsha katika sufuria kila asubuhi. Dawa yenyewe, insulini, tuliiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliotiwa maji, maana hatukuwa na friji.

Katika hospitali tuliyokwenda, mama alipewa dawa, akaambiwa asile vitu vitamu, basi. Sikumbuki hata siku moja alipoambiwa avue viatu. Kumbe ugonjwa huu ukikaa mwilini huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akachomwa na mwiba asisikie. Mama alipata kidonda chini ya kidole gumba, akaendelea kwenda shambani kwa sababu hakikumuuma. Harufu ndiyo iliyotupa habari. Mwaka 1986 alikatwa mguu chini ya goti, na mwaka 1991 akafariki.

Mwaka 2011 ugonjwa huohuo ulinifika mimi. Rafiki mmoja alifanya mzaha kwamba jina la jirani zetu wa Kahawa Sukari limehama likaniangukia. Nilicheka pamoja naye, lakini moyoni nilikuwa na hofu kubwa. Nilichukua dawa mara ya kwanza, kisha nikakaa miaka miwili bila kurudi, maana kila nilipoikumbuka hospitali niliuona mguu wa mama. Kosa hilo lilikuwa langu, wala silitupi kwa mtu mwingine.

Niliporudi nilitazamia kukaripiwa. Nikakuta kwamba wagonjwa wa sukari wametengewa siku yao. Damu tone moja ilitolewa kidoleni, na jibu likapatikana kabla sijamaliza kukunja mkono wa shati. Tena kuna kipimo kingine cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Basi mtu aliyeacha vitamu siku mbili tu kabla ya kliniki, kama nilivyofanya mimi, hamdanganyi daktari. Muuguzi hakunikataza ugali. Aliniuliza ninakula nini nyumbani, akanionyesha kiasi cha ugali, na mboga zijaze nusu ya sahani.

Kisha akaniambia, "Baba, vua viatu ufumbe macho."

Akainama, akawa ananigusa nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki, nami niseme kila ninaposikia. Mguu wa kulia nilisema. Wa kushoto nikanyamaza. Nilipofumbua macho alikuwa ameshika soksi yangu yenye damu iliyokauka, na ndani ya kiatu mlikuwa na ncha ya msumari iliyopenya soli. Mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, na misumari ndiyo kazi yangu; huo nilikuwa nimeukanyaga siku nisizozijua. Kidonda kilisafishwa, nikafungwa bendeji, na baada ya majuma kadhaa kikapona.

Insulini iligunduliwa mjini Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na Charles Best. Mwezi wa Januari 1922 ilidungwa kwa mara ya kwanza mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu na kufa, naye akaishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1923 wagunduzi wakauza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu. Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Lakini dawa hiyo kubwa mama yangu aliipata, na mguu wake ukaenda. Alichokosa ni mtu wa kuinama akatazama. Uzi ule wa plastiki si kitu cha gharama kubwa. Nadhani desturi ya kuutumia ndiyo maendeleo yenyewe.

Sisemi kwamba mambo yote yamekamilika. Wapo jirani zangu ambao bei ya vijiti vya kupimia damu huwashinda, wakapima mara moja kwa mwezi badala ya kila siku. Hayo tuyadai bila kuchoka, maana kushukuru si kunyamaza. Ila anayedai akikumbuka kutaja na lililo jema, husikilizwa zaidi. Na muuguzi anayesikia kwamba kuinama kwake kumeonekana, atainama na kesho.

Nawaomba basi wenzangu mkapimwe mapema, msijifiche kama nilivyojificha. Mimi kila usiku huweka kioo sakafuni, nikatazama nyayo zangu zote mbili kabla ya kulala.

Mkazi wa Kiuu, Ruiru