Shikamoo Dada

Najua nimepotea, na najua wengine mmeshaanza kusema "huyu Ulaya imeshammeza". Haijanimeza jamani, niko hai, ni zamu tu. Leo niko mapumziko, nguo zinazunguka kwenye mashine, chai ya tangawizi iko mezani, nikaona niandike kabla usingizi haujanibeba.

Desemba hiyoo imebisha hodi tena. Huko nyumbani Desemba inajulikana. Mabasi ya Dar kwenda Moshi yanajaa, watu wanapanda mlimani "kuhesabiwa", mbuzi hawana raha, mbege unaisikia harufu tangu getini. Huku Leeds Desemba ni giza. Sisemi kwa mafumbo, nasema giza lenyewe. Siku za Krismasi jua linachomoza saa 2 na dakika 20 asubuhi, na saa 10 kasorobo alasiri limeshazama. Sasa mtu wa zamu ya usiku anatoka kazini asubuhi bado giza, anafika anaoga, analala, anaamka saa 9. Amebakiwa na dakika 45 za mwanga, na hapo kuna wingu zito na manyunyu! Nimefikia hatua ya kulikumbuka hata lile jua la Kariakoo la saa 7 mchana, tulilokuwa tunalilaani tukienda kununua vitenge.

Na mwezi huohuo wa giza ndio kazi inakuwa nyingi kuliko yote. Niko wodi ya wazee. Baridi ikikaza wanateleza wanavunjika nyonga, mafua yanageuka nimonia, na ugonjwa wa kutapika na kuhara ukiingia wodini ndio basi tena. Desemba ya 2024 mafua yalikuja na nguvu, hadi wauguzi wenyewe wakawa wanaanguka, tunaobaki tunagawana wagonjwa. Zamu yangu ni saa 12 na nusu kwenye karatasi. Karatasi ina maneno mengi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Msinune, nasema kwa upendo.

Desemba simu nayo hailali. Mmoja nauli, mwingine bati, mwingine anakumbusha kwamba Januari shule zinafunguliwa, kana kwamba mimi sikusoma Tanzania. Hakuna aliyeomba kitu kibaya, na shahada yangu ya uuguzi ilisomwa kwa ng'ombe za Baba na michango ya wengi wenu, sijasahau. Lakini zikija zote kwa wiki moja, ukizisoma saa 11 alfajiri kwenye chumba cha dawa... Nikawa naogopa simu. Ikilia moyo unaruka.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya Krismasi ile ya 2024, nimetoka kazini tumempoteza mgonjwa niliyemhudumia wiki tatu. Niko kituo cha basi, simu ikaita ujumbe. Mdogo wangu wa mwisho. Ameandika maneno mawili tu: "Shikamoo dada".

Sikujibu marahaba. Nilimjibu: "Sina hela."

Akakaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu akatuma picha. Ndama, bado ana unyevu, amesimama kwa miguu inayotetemeka pale zizini, na nyuma yake naona kanga ya Mama. Chini ameandika: "Sijaomba hela dada. Ng'ombe amezaa usiku, Mama kasema uonyeshwe wa kwanza."

Basi lilikuja likaondoka. Sikupanda.

Nilipofika nyumbani nilijiuliza yale ambayo ningemuuliza mgonjwa. Unalala saa ngapi? Unakula nini? Nje unatoka? Majibu yalikuwa ya aibu kwa mtu mwenye leseni ya uuguzi. Hili la giza kushusha moyo wa mtu wala si la kufikirika, lina hata jina kitabibu, daktari mmoja wa Marekani, Norman Rosenthal, na wenzake waliliandika mwaka 1984, na mwanga wa asubuhi ni sehemu ya tiba yake. Serikali hapa nayo inatushauri vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima si majira ya baridi tu. Mimi nawaambia wagonjwa kila siku. Kopo langu lilikuwa kabatini, halijafunguliwa!

Nikalifungua. Nikaanza kuweka alamu saa 7 mchana, navaa koti juu ya nguo za kulalia, naenda bustanini nusu saa, narudi nalala tena kidogo. Majirani sijui wananionaje. Nikanyamazisha kundi la ukoo mpaka tarehe 27. Wengine mlilalamika kwa Mama, nilisikia. Na mdogo wangu nilimpigia, nikamwambia marahaba, tukacheka, ingawa yeye alicheka kwanza ndipo mimi nikaweza.

Usiku wa kuamkia Krismasi nilikuwa kazini. Wenzangu Wafilipino walileta tambi zao, Wahindi wa Kerala wakaleta biriani, dada mmoja wa Zimbabwe kuku, mimi nimeleta biskuti za dukani. Hakuna aliyesema neno, lakini mtu wa mlimani kwenda na biskuti kwenye sikukuu... Asubuhi tukatoka. Sasa huku tarehe 25 treni hazitembei kabisa, na kwangu mabasi pia yalikuwa yamelala. Nikasema nitembee, ni karibu saa nzima. Huko Moshi ilikuwa saa 5 asubuhi, nikampigia Mama.

Tukasalimiana, halafu nikakosa la kusema, nimechoka mno. Mama akasema, "Ongea basi mwanangu." Nikamwambia, "Mama usiongee na mimi. Weka simu hapo jikoni, endelea na kazi zako."

"Bando lako litaisha bure!"

"Liache liishe."

Akaiweka. Nikatembea na barabara tupu, taa za watu zinawaka madirishani, masikioni nasikia kisu kinamenya ndizi za mtori, sufuria inafunikwa, kuni zinalia, shangazi anabishana na mtu kuhusu chumvi. Mtoto fulani akamwaga maji, nikamsikia Mama anagomba: "Angalieni, dada yenu anasikiliza!" Wote wakanyamaza, halafu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka peke yangu njiani, mzee mmoja anayetembeza mbwa akanitakia Krismasi njema. Karibu na kwangu kukaanza kupambazuka. Jua lenyewe sikuliona, kulikuwa na mawingu, ila paa za nyumba zilianza kuonekana moja moja.

Kwa hiyo safari hii nawaomba hivi. Ya Krismasi nimeshamtumia Mama, tena mapema, muulizeni yeye, msinipigie mimi. Ya shule tutaongea Januari, na nitapokea. Tarehe 25 nina zamu tena, nitapiga saa ileile, kwa hiyo simu ya Mama iwe na chaji na iwekwe mbali na maji. Mtakaokuwa jikoni msianze kunisalimia mmoja mmoja, bishaneni tu kama kawaida. Na anayejua kukanda chapati zikatoka laini kwa unga wa huku anielekeze, biskuti sirudii.

Yule ndama amekuwa mtamba mkubwa, naambiwa ana kiburi.

Mashine imelia, wacha nikaanike nguo. Msalimieni Mama.