Kovu Lililokataa Kulala

Siku nilipoanguka na kinga katika mteremko wa mawe, nilipata kidonda begani. Kikapona upesi, nami nikasahau. Baada ya miezi mitatu kovu likaanza kuinuka. Liliwasha usiku, likawa gumu, likang'aa, likapita mipaka ya kidonda chenyewe kama kaa anayenyosha miguu. Kumbe Alibert, munganga wa Ufaransa, aliona vivyo hivyo mwanzoni mwa karne ya 19: jina la keloidi latoka katika neno la Kigiriki la gando la kaa.

Watu wakanong'ona. Hawa wakasema ni ukoma, wale wakasema nimelogwa. Nami niliyesoma seminari, ninayefundisha wengine wasiogope maneno ya bure, niliona haya kuvua shati mtoni.

Nikaenda kwenye zahanati moja, nikaomba walikate. Wakalikata, wakashona, nikarudi nyumbani nikifurahi. Kabla ya mwaka kuisha likarudi, kubwa kuliko la kwanza. Hakuna aliyeniambia ya kwamba keloidi ikikatwa tu, bila dawa nyingine kufuata, mara nyingi hurudi. Maana kukata ni kidonda kipya.

Munganga wa lopitali nyingine ndiye aliyenifumbua macho. Si ukoma, si kansa, wala haiambukizi. Ngozi inayojitengeneza imesahau kuacha kazi. Sisi wenye ngozi nyeusi twaipata zaidi, na hutembea katika jamaa. Kovu lililovimba bila kuvuka mpaka wa kidonda ni jambo jingine. Hilo huweza kupungua lenyewe. Langu alilichoma sindano ya triamsinoloni, ndani ya kovu lenyewe, kila majuma manne. Nilishika meza kwa mikono miwili! Wengine hubandikwa kipande cha silikoni saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi mingi. Sasa limeshuka, haliwashi tena, ila ngozi yake imepauka.

Binti yangu ana miaka 11. Anataka kutoboa masikio kwa sikukuu, kama wenzake wote, na mama yake amekwisha kukubali. Nilimwonyesha bega langu, nikamwambia ya kuwa keloidi hupenda sana ndewe la sikio. Akaligusa kwa kidole.

“Baba, nami nitakuwa hivi?”

Sikuweza kumjibu ndiyo wala siyo. Tumemnunulia hereni za kubana. Mama yake bado amenuna.