Nguo za Watu Wasio na Mwili



Wazazi kadhaa wameniuliza swali moja mwezi huu, kila mmoja kwa njia yake, nami nimeona nijibu hapa ili tusikie sote. Swali ni hili: "Pasta, mtoto wangu anakesha akichora nguo za wale watu wa gemu. Hiyo ni kazi, ama ni shetani anamchezea akili?"

Sikujibu siku hiyo hiyo. Mchungaji akitoa neno juu ya kitu ambacho hajakiona, anaweza kuvuruga nyumba nzima. Nilimwomba kijana mmoja wa kwetu, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana, anionyeshe anachofanya. Nikaketi nyuma yake kwenye kiti cha plastiki karibu saa tatu. Mengine ninayokuandikia nimeyaona kwake, mengine nimeyasoma baadaye. Soma polepole, mpendwa, hasa kama una mtoto wa namna hii nyumbani.

Yule mtu unayemwona akikimbia kwenye simu ya mtoto wako hana ngozi. Ndani yake ni wavu wa pembetatu nyingi zilizounganishwa, wa rangi ya kijivu, mfano wa lile sanamu la plastiki linalosimama mbele ya duka la nguo kabla halijavishwa. Macho, nywele, shati, vifungo, hata vumbi la viatu, vyote hivyo ni picha bapa iliyochorwa kando, kisha ikavishwa juu ya ule wavu. Vijana huiita skini, yaani ngozi. Wazo hili la kuvika picha juu ya umbo ndani ya kompyuta si la jana. Edwin Catmull aliliandika katika tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka wa 1974. Baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, wale wa filamu za katuni.

Sasa, picha bapa inavishwaje mwili wenye mabega na tumbo? Sisi tuliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni tunaikumbuka ile pakiti ya karatasi. Ichukue, ipasue kwenye kingo zake, ilaze mezani. Imekuwa bapa. Chora unachotaka, kisha ikunje tena. Ndivyo wanavyofanya na mwili wa mchezaji: wanaupasua, wanaulaza, wanauchora, wanaukunja. Kila alama kwenye ile karatasi ina anwani yake ya herufi mbili, U na V, kwa sababu X, Y na Z zilikuwa tayari zimetumika kupima umbo lenyewe.

Fundi wa nguo ataelewa haya haraka kuniliko. Umewahi kushonewa nguo ya kitenge, ukaenda kuichukua, ukakuta ua limekatika ubavuni, nusu huku na nusu kule? Hilo ndilo jambo linalowakosesha usingizi vijana hawa. Mshono lazima uwepo, lakini mwenye ujuzi anauweka mahali jicho halifiki: chini ya kwapa, ndani ya mguu, nyuma ya kichwa. Na pale mishono miwili inapokutana, rangi lazima ziungane, ingawa kwenye karatasi vipande hivyo viko mbali kabisa, kimoja kusini na kingine kaskazini.

Kijana wetu anachora zaidi ya Minecraft, mchezo uliotoka Sweden mwaka wa 2009. Skini yake ya kawaida ni karatasi ya nukta 64 kwa 64. Piga hesabu: nukta 4,096 kwa mtu mzima, kuanzia utosi hadi kisigino. Uso wote ni nukta nane kwa nane, yaani 64 tu. Jicho linaweza kuwa nukta mbili, moja nyeupe na moja ya rangi. Ukihamisha nukta moja, mtu wako ana kengeza! Nilicheka, kisha nikaacha kucheka nilipomwona akibadilisha nukta moja ya shavu mara sita, akirudi nyuma kuangalia, akitikisa kichwa.

Alikuwa akimchora mama aliyejifunga leso. Nilimuuliza kwa nini ngozi ya mama yule ina rangi nne na si moja. Akanijibu, "Pasta, nikitia rangi moja anakuwa kama ubao. Na kivuli nikikitengeneza kwa kuongeza nyeusi, anakuwa mchafu." Akanionyesha. Ngozi yetu nyeusi ina wekundu ndani yake, na mahali mwanga unapopiga, kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu, inang'aa kuliko ngozi nyeupe. Kivuli chake alikivuta kuelekea zambarau, mwanga akauvuta kuelekea rangi ya asali. Jamani, mimi nimeishi na uso huu zaidi ya miaka arubaini, sijawahi kuuangalia hivyo.

Jambo hili lina uzito kuliko unavyodhani. Kwa miaka mingi, mtoto aliyefungua Minecraft alipewa Steve, na kuanzia 2014 akaongezewa Alex. Mwaka wa 2022 waliongezwa wengine saba, na wawili kati yao wanaitwa Makena na Zuri. Makena! Jina la mabinti wa Meru, la furaha. Zuri sihitaji kukutafsiria. Mtu fulani aliketi na kuamua kwamba mtoto wa Meru akifungua mchezo akute jina la shangazi yake. Maamuzi kama hayo hufanywa na walio mezani, na kijana wako anataka kuketi kwenye meza hiyo.

Katika michezo mikubwa kazi inakuwa nzito zaidi. Karatasi inafika nukta 2,048 kwa 2,048, zaidi ya milioni nne, na haiwi moja. Moja ni ya rangi. Nyingine inaiambia kompyuta mahali gani panateleza na mahali gani pamekwaruzika, ili buti la ngozi lising'ae kama sufuria. Nyingine inasema wapi ni chuma. Na iko moja ya rangi ya buluu na zambarau, ukiiona utadhani imeharibika, lakini ndiyo inayoudanganya mwanga uone mikunjo na nyuzi za mshono mahali ambapo wavu wenyewe ni laini kabisa. Chini ya yote hayo kompyuta hutunza nakala ndogo za picha ile ile, kila moja nusu ya iliyotangulia, ili mchezaji akiwa mbali isilazimike kubeba picha nzima kwa mtu anayeonekana kama punje ya mchele.

Kisha ndipo wanapomwekea taa na kumpiga picha. Programu wanayotumia wengi ni Blender, ambayo ni ya bure kabisa. Sikiliza hilo, mzazi, ni ya bure kihalali, si ya wizi. Unaweka taa moja kubwa mbele, moja hafifu upande wa pili, moja nyuma ili mabega yaonekane. Kompyuta inaanza kufuatilia miale, mmoja mmoja, inagonga wapi na inarukia wapi. Mwanzo picha ina chenga kama televisheni za zamani, kisha inatulia. Kwa mashine nzuri ni dakika. Kwa mashine ya kijana wetu ni saa nyingi, ndiyo maana anakesha. Na stima ikipotea saa nane usiku, picha iliyobakia robo inapotea nayo. Anaanza upya.

Sasa niruhusu niingie kwenye Neno.

Soma Kutoka 31, kisha sura ya 35. Mtu wa kwanza katika Maandiko anayetajwa waziwazi kwamba Mungu alimjaza Roho kwa ajili ya kazi fulani si nabii wala mhubiri. Ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, fundi, pamoja na msaidizi wake Oholiabu wa kabila la Dani. Alijazwa kwa ajili ya dhahabu, mbao, kuchonga mawe, kubuni michoro. Sisi Wapentekoste tunapenda sana kuzungumza juu ya kujazwa, lakini sijasikia mkesha wa maombi ambapo mtu aliombewa ajazwe ili ashone vizuri! Kisha nenda 1 Wafalme 7, uone nguzo za hekalu, Yakini na Boazi. Mikono kumi na minane kwenda juu, na huko juu kabisa kuna makomamanga mia mbili kwa kila taji. Mtu aliyesimama chini angeyahesabu vipi?

Lakini Bezaleli alichora hema ya kukutania, na huyu anachora gemu. Najua unasema hivyo. Ni kweli, na sitaki kulipamba gemu kwa nguo za hema. Gemu ni mchezo, na mchezo ni mchezo. Seremala wa kanisa letu hutengeneza mimbari, na Jumatatu hutengeneza meza ya pool. Hatujamfukuza.

Yapo ambayo nilimwambia kijana kwa uwazi. Wateja wengine watataka mwanamke asiye na nguo, wengine watataka uso wa pepo wenye damu mdomoni. Hizo kazi aziache, hata kama zinalipa, na atapoteza wateja kwa sababu hiyo. La pili: asichukue mchoro wa mwenzake, akabadilisha rangi ya kofia na kuuza. Huo ni wizi, na katika fani hii umejaa. Hata jezi ya timu unayoipenda ina mwenyewe.

Na kuna upande wa mzazi anayelipa. Mwaka wa 2006 kampuni ya Bethesda iliuza nguo ya farasi wa gemu kwa dola mbili na nusu, na watu wakaicheka dunia nzima. Nani anacheka leo? Fortnite, iliyotoka 2017, huchezwa bure na kula kwa kuuza mavazi yasiyomwongezea mchezaji nguvu yoyote. Desemba 2022, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi ilitangaza kwamba wenye mchezo huo, Epic Games, wangelipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwa kuwa tume ilisema vitufe vilipangwa hata watu wakalipa bila kukusudia. Kwa hivyo, mama, baba, nambari yako ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto wa darasa la tano. Hapo sitahubiri zaidi.

Pesa kwa mchoraji zipo. Kampuni ya Valve ilitangaza Januari 2015 kwamba tangu 2011 ilikuwa imewalipa wabunifu zaidi ya 1,500 jumla ya zaidi ya dola milioni 57. Lakini usichukue kalamu ukagawanya ukadhani hiyo ni mshahara wa kila mmoja. Kwenye soko la namna hii wachache hubeba gunia, wengi huokota punje.

Ndiyo maana kwa nyumba ile sikutoa jibu la amina na haleluya. Mama yake alikuwa ameweka shilingi elfu thelathini za kumpeleka akasomee ufundi wa stima. Kijana anataka zinunue kompyuta. Niliwaambia mbele ya wote wawili: pesa ya masomo isiguswe, aende akasome. Jioni achore, kwa mashine aliyo nayo na programu za bure, na saa sita usiku izimwe, kwa sababu mwili wake ni wa kweli, hauna nakala. Ndani ya miezi sita akamilishe kazi kumi na mbili zake mwenyewe, azipige picha vizuri, aziweke mahali wanunuzi wanaziona. Ikiuzwa hata moja, tutaketi tena.

Kijana alikubali kwa mdomo. Usoni sikuona amina. Mama naye alinitazama akasema, "Pasta, miezi sita ni mingi. Wadogo zake wako nyuma, na karo yao si wewe utalipa." Amesema ukweli, na sikuwa na aya ya kumjibu. Namwombea, nawe umwombee.

Tangu siku ile nimegundua kwamba wako vijana wengine wanne hapa kwetu wanaofanya kazi hii kimyakimya, wakiogopa kusemwa. Kwa hivyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, nawangoja kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Kila mmoja aje na kazi moja aliyoimaliza, na wazazi waje pia. Na wewe ndugu yangu mwenye kompyuta iliyolala kabatini tangu ulipopata mpya, nitumie ujumbe. Hata kama betri imekufa, mradi inawaka ikiwa kwenye stima.