Mfaa wa Upande Mmoja

Mwaka 2008, nikiwa mwaka wa pili wa usanifu majengo jijini Dar es Salaam, sikuwa na kompyuta. Nilikuwa na flashi ya gigabaiti moja na hela ya kulipia saa mbili za intaneti kafe kila Jumamosi. Programu ya kuchorea iliyotuteka wakati huo ni SketchUp. Google walikuwa wameinunua mwaka 2006 wakatoa toleo la bure, pamoja na hifadhi ya mtandaoni ya modeli zilizotengenezwa na watu wa kila pembe: viti, magari, miti, majengo mazima. Sisi tuliiita ghala. Mtu akiulizwa sofa lake zuri kalitoa wapi, hujibu tu, "Ghalani."

Muhula ule tulipewa kazi ya kubuni nyumba ya wageni ya pwani. Mimi mtoto wa Unguja, mlango wa Kizanzibari niliuona kama haki yangu. Nikapakua mmoja ghalani, kazi ya mtu aliyejiita kwa herufi na namba. Upande wake mmoja ulikuwa na kasoro, basi nikaufuta. Ule mwingine nikaushughulikia: maua, mnyororo wa pembezoni, misumari ya shaba. Kisha nikatumia amri ya kugeuza, ile inayotoa sura ya pili kama kwenye kioo, nikaunganisha katikati. Nilipouzungusha mlango ule kwenye skrini nilijiona fundi. Chini ya mchoro nikaandika jina langu peke yake.

Nikapata alama nzuri, na alama hizo ndizo zilizoniharibu. Kuanzia hapo kila kazi yangu ikawa ya kubandika: nguzo za Ugiriki, paa la Bali, ngazi ya mtu wa Brazil. Hosteli tulikaa na vijana waliotengeneza biti za Bongo Fleva. Walichukua kinanda cha wimbo wa zamani, wakakikata, wakakipunguza kasi. Tulisema sote tunafanya kazi moja, kuremiksi.

Likizo nikauchapisha mlango wangu kwenye karatasi kubwa, nikampelekea mzee mmoja mchonga milango mtaani kwetu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wa nani huu?"

"Wangu."

Akaitandaza karatasi juu ya ubao wa mfenesi aliokuwa akiutia nakshi, akapangusa vumbi la mti, akaweka ukucha wa kidole gumba katikati kabisa. "Mfaa umeupasua," akasema.

Nilikuwa nimepita kwenye milango ile tangu utotoni bila kuuangalia mfaa. Ni ule mti uliosimama katikati, wenye nakshi kuliko sehemu nyingine zote. Nilidhani ni pambo. Kumbe mfaa hupigiliwa kwenye upande mmoja tu wa mlango na kulalia ule wa pili, ili uzibe mwanya. Ndiyo maana upande usio na mfaa hufunguliwa kwanza. Amri yangu ya kioo ilikuwa imetoa nusu mbili za mfaa, kila moja na upande wake, na ufa ulionyooka kutoka juu hadi chini.

"Mwizi atapitisha kisu hapa," akasema, "na mvua itapita bila kisu."

Nikajitetea kwamba sikuuanza mimi, niliutoa mahali. Hapo akacheka, akavuta boksi chini ya benchi. Lilikuwa limejaa karatasi za nakshi alizonakili kwa mkaa kutoka milango mikongwe, na kila karatasi ilikuwa na maandishi ya penseli: nyumba fulani, kizingiti cha juu; nyumba fulani, mwimo wa kulia. Yeye mwenyewe alikuwa mnakili, tena wa miaka mingi. Tofauti yetu ilikuwa kwenye ile penseli.

Niliporudi chuoni nikahamia Blender, programu iliyofanywa huru mwaka 2002 baada ya watumiaji wake kuchangishana euro 100,000. Nikauchora mlango upya, mfaa ukiwa kipande cha peke yake. Nikauweka mtandaoni kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kila mtu kuubadili mradi ataje alikoutoa. Katika maelezo niliandika karatasi zipi za fundi nilizofuata, na kwamba mlango wa kwanza niliuchukua kwa mtu mwingine.

Sijaacha kuchanganya, na sioni sababu ya kuacha. Milango yetu yenyewe ina kizingiti kilichonyooka cha Kiarabu na upinde wenye maua wa Kihindi. Leso ilianza kwa vitambaa vya mkononi vilivyoshonwa pamoja, na lile umbo tunaloliita korosho lilitoka India. Nilichoacha ni kuchukua kitu nisichojua kazi yake.

Siku hizi wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huutoa mlango ule kwenye printa ya 3D, urefu wa sentimita ishirini, na kuufungua kwa kidole kabla sijaangalia nakshi. Nawe ukiupakua, uchezee upendavyo: ufanye kabati, kitanda, hata jalada la simu. Ila mfaa uache upande mmoja, na yale maelezo usiyafute.